Namba za chaki hazitoshi kupanga mashine ya kuchomelea chini ya poda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyoichapisha wiki iliyopita kuhusu viwanda vya ndani vinavyounda matrela, matangi ya mafuta na mihimili ya majengo. Mwandishi wenu alieleza vizuri habari ya bei ya chuma na ya mikopo, kisha akasema kwa sentensi moja kwamba viwanda hivyo sasa vina mashine za kisasa zinazochomelea zenyewe. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nimesimamia mashine hizo kwa miaka mingi, na ninachokijua ni kwamba hutembea zenyewe, lakini uamuzi wa umeme gani utumike, kwa ampea ngapi na volti ngapi, bado ni wa fundi, na uamuzi huo ndio unaotenganisha mhimili imara na mhimili unaongoja kupasuka.

Kwa wasomaji ambao hawajaingia karakana za namna hii, ninazungumzia uchomeleaji ambao waya mtupu wenye unene wa kama milimita 2.4 hadi 5 husukumwa mfululizo kuelekea kwenye kiungo, huku poda ya madini, tunayoiita flaksi, ikimwagwa mbele yake na kuifukia kabisa arki, yaani cheche ya umeme inayoyeyusha chuma. Fundi haoni mwanga wala cheche wala chuma kilichoyeyuka. Anaona rundo la poda likisonga mbele, na nyuma yake ganda la slagi, yaani poda iliyoyeyuka ikaganda, linalobanduka na kuacha mshono. Anayechomelea kwa fimbo ya kawaida huitazama arki yake na kuisikiliza, na mkono wake husahihisha kosa palepale lilipotokea. Anayechomelea chini ya poda amenyimwa macho hayo, kwa hiyo kinachomwongoza ni mita na mipangilio ya mashine. Mipangilio ikiwa na kosa, kosa hilo litatembea mita 12 za mhimili mzima kabla ya mtu yeyote kuligundua.

Katika karakana nyingi nilizopita, mipangilio hiyo hurithiwa. Fundi aliyetangulia aliandika namba kwa chaki ubavuni mwa mashine, na anayemfuata huzizungushia vitufe vyake kila asubuhi. Nami nilifanya hivyo, na nitaeleza gharama yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa zamu katika karakana moja ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiunda mihimili ya maghala. Ubavuni mwa mashine yetu palikuwa pameandikwa 600, 34 na 50, yaani ampea 600, volti 34 na mwendo wa sentimita 50 kwa dakika, kwa waya wa milimita 4. Kwa namba hizo tulikuwa tumeunga mabamba ya milimita 20 kwa muda mrefu bila lawama. Karakana ilipopanuliwa, mashine ilibaki palepale penye swichi ya umeme mkubwa, lakini benchi la kazi lilihamishiwa banda jipya, na kebo, ile inayokwenda kwenye waya na ile ya ati, yaani inayorudi kutoka kwenye bamba, zikaongezwa kila moja kutoka mita 10 hadi mita 30. Namba za chaki hazikuguswa.

Wiki ileile mshono ulibadilika. Ulikuwa mwembamba, umeinuka katikati kama kamba iliyolazwa juu ya bamba, na slagi iling'ang'ania pembeni hadi tukaitoa kwa patasi. Fundi wangu, kijana hodari ambaye namheshimu hadi leo, aliamua kwamba joto limepungua, akapandisha ampea hadi 700, nami nikamkubalia. Hali ikazidi kuharibika: katika mshono wa kwanza, ule unaolazwa chini kabisa kwenye mfereji wa kiungo, tulianza kuona ufa mwembamba unaopita katikati kwa urefu. Kazi ya siku tatu ilikatwa na kuanzwa upya.

Kosa letu lilikuwa kuchanganya kazi ya ampea na kazi ya volti. Ampea ndizo huamua arki ichimbe chuma kwa kina gani na waya uyeyuke kwa kasi gani, ilhali volti, ambazo ndizo urefu wa arki, huamua mshono utandaze upana gani. Mshono uliosimama kama kamba unalalamikia volti. Tulipouongezea ampea, tuliuchimbia kina zaidi bila kuupa upana, na mshono ambao kina chake kinazidi upana wake una hatari ya kupasuka katikati, kwa kuwa chuma huanza kuganda kutoka kingo mbili kuelekea ndani, na uchafu kama salfa na fosforasi husukumwa hadi kwenye mstari wa mwisho kuganda, ambao ni dhaifu wakati ambao mshono mzima unapoa na kujivuta. Mimi hutaka upana uzidi kina angalau kwa robo, na siridhiki na kipimo cha jicho kutoka juu, kwa sababu kina hakionekani mpaka kipande kikatwe.

Lakini volti zilikwenda wapi, nasi hatukugusa kitufe? Jibu lilikuwa ndani ya kebo. Shaba ya milimita za mraba 95, kwa jumla ya mita 60 za kwenda na kurudi, ina ukinzani wa takriban omu 0.011, na ampea 600 zikipita humo, kebo peke yake inakula volti 6.6, na zaidi ya hapo ikishapata moto. Mita ya mashine ilisema 34, nayo ilisema kweli, kwa kuwa ilikuwa ikipima kwenye vituo vyake yenyewe. Arki ilikuwa ikipata volti 27 na ushei. Zamani, kebo zilipokuwa za mita 10, upotevu ulikuwa volti 2.2 tu, na arki ilipata karibu 32. Tulipopandisha ampea hadi 700, upotevu ukakua hadi volti 7.7, maana yake tuliinyima arki zaidi kwa mkono uleule uliokuwa ukijaribu kuisaidia. Tuliligundua jambo hili siku tulipochukua mita ndogo ya mkononi, waya wake mmoja tukaugusisha kwenye mdomo wa shaba unaopitisha waya wa kuchomelea na mwingine kwenye bamba lenyewe, karibu na kiungo, arki ikiwa inawaka. Tukaweka kebo ya pili sambamba na ya kwanza pande zote mbili, tukarekebisha mpaka arki yenyewe ipate volti 32, tukarudisha ampea 600, na ufa ukatoweka.

Ndiyo maana nasema namba ya volti isiyoambatana na mahali ilipopimiwa haifai kuandikwa popote. Hali ni hiyohiyo kwa umeme unaoingia. Mashine za zamani za transfoma na rektifaya (kifaa kinachougeuza umeme kuwa wa mkondo mnyoofu), ambazo bado ni nyingi na bado ni nzuri, nyingi hazina namna ya kujifidia umeme wa njia tatu unaposhuka. Ukishuka kwa sehemu moja ya kumi, nazo hutoa pungufu kwa kiasi kama hicho, na arki ya volti 32 hukutwa iko kwenye 29 saa za mchana ambapo viwanda vyote vinafanya kazi. Fundi wa mchana huongeza, wa usiku hukuta mshono umetandaa mno na poda inayeyuka kupita kiasi, naye hupunguza, na kila mmoja humwona mwenzake hajui kazi. Mashine za inveta, zinazodhibiti umeme kielektroniki, hujifidia ndani ya mipaka yake. Mwenye transfoma hana budi kupima mwanzoni mwa kila zamu.

Volti zikizidi nako kuna madhara yake, na hayaonekani haraka, kwa kuwa mshono mpana na laini hupendeza macho. Arki ndefu huyeyusha poda nyingi zaidi, na kama poda ni ya aina inayotia manganizi na silikoni kwenye chuma, kila tabaka linalolazwa juu ya jingine huongezewa madini hayo, hivyo kiungo cha bamba nene chenye matabaka kumi kinaweza kuwa kigumu kupita bamba lenyewe na kupoteza uwezo wa kuvumilia mshtuko. Ndani ya mfereji mwembamba volti nyingi pia huifanya slagi ijibane ukutani isitoke. Kwa hiyo sisemi mafundi waongeze volti. Nasema wajue ni ngapi zinazoifikia arki.

Sasa niguse jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu wanapohama kutoka karakana moja kwenda nyingine. Mashine hizi ni za tabia mbili. Ya kwanza hushikilia volti: ukiweka 32 hukaa hapo, na ampea huamuliwa na kasi ya waya, kwa hiyo anayetaka ampea zaidi huongeza kasi ya waya. Ya pili hushikilia ampea, na kisukuma waya ndicho kinachosoma volti za arki na kuongeza au kupunguza kasi yake ili arki isirefuke wala kufupika. Kitufe ambacho fundi alizoea kukizungusha ili apate kina, kwenye mashine ya tabia nyingine kinampa upana. Nimemwona mtu mwenye miaka 15 kazini akihangaika nusu siku kwa sababu hiyo peke yake, na hakuna aliyekuwa amemweleza. Mbaya zaidi ni kuoanisha vifaa visivyopatana, yaani chanzo cha umeme kinachoshikilia volti kuunganishwa na kisukuma waya kilichowekwa kwenye hali ya kufuata volti, ambapo vyote viwili hujaribu kusahihisha jambo lilelile na arki hukosa utulivu tangu mwanzo.

Tabia ya kwanza ina historia ambayo mafundi vijana wangepaswa kusimuliwa. Mwaka 1941 taasisi ya uchomeleaji ya Evgeny Paton ilihamishwa kutoka Kiev, Ukraine, kwa sababu ya vita, hadi Nizhny Tagil kwenye milima ya Ural, mahali ambapo vifaru vya T-34 viliundwa. Mwaka 1942 mtafiti wa taasisi hiyo, Vladimir Dyatlov, alibaini kwamba waya ukisukumwa kwa kasi isiyobadilika, arki hujirekebisha yenyewe: ikifupika, ampea hupanda na waya huyeyuka upesi zaidi hadi urefu wake urudi, ikirefuka, mambo huenda kinyume chake. Ugunduzi huo uliwawezesha kuunda visukuma waya rahisi vilivyoweza kuendeshwa na wafanyakazi wasio na uzoefu mrefu. Mwaka 1953 daraja linalobeba jina la Paton lilifunguliwa huko Kiev juu ya mto Dnipro, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, likiwa limeungwa kwa kuchomelewa lote. Hata hivyo arki hiyo hujirekebisha vizuri pale waya ulipo mwembamba na ampea ni nyingi kwa unene wake. Ndiyo maana kwa waya wa milimita 2.4 au 3.2 na mwendo wa haraka mimi huchagua chanzo kinachoshikilia volti, na kwa waya mnene wa milimita 5 kwenye dimbwi kubwa la chuma huchagua kinachoshikilia ampea.

Aina ya umeme na upande wa nguzo huamuliwa kabla ya kugusa namba yoyote. Kwa kazi nyingi za viungo, waya huunganishwa kwenye nguzo chanya ya mkondo mnyoofu (DC), kwa kuwa hapo ndipo arki huchimba zaidi na mshono huwa na umbo zuri. Ukiugeuza waya ukawa hasi, kwa ampea zilezile huyeyuka zaidi kwa karibu theluthi, lakini kina hupungua sana. Hasi hiyo inafaa kwa kujaza chuma kigumu juu ya magurudumu ya minyororo ya tingatinga, kazi inayofahamika vizuri na wanaohudumia migodi ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu pale hatutaki chuma cha chini kichanganyike na cha juu. Haifai kwa kiungo kinachopaswa kupenya. Kebo mbili zikibadilishana mahali baada ya matengenezo, mshono utaonekana umejaa vizuri na ndani yake haujashika. Mkondo geu (AC) nao uko katikati ya hizo mbili, na hutumika zaidi pale ampea zinapokaribia 1,000 au kuzidi, au waya mbili zinapofuatana kwenye dimbwi moja, kwa kuwa sumaku ya mkondo mnyoofu mkubwa huipeperusha arki pembeni.

Niruhusu nitoe mfano mmoja kamili, ili mwenye karakana aone hesabu inavyokwenda. Chukua mhimili wa trela, bamba la wima la milimita 8 juu ya bamba la mlalo la milimita 16, unaotaka mshono wa pembe wenye mguu wa milimita 6. Kwa waya wa milimita 3.2 kwenye nguzo chanya, ampea 500, volti 30 zilizopimwa kwenye arki na mwendo wa milimita 650 kwa dakika ni mahali pazuri pa kuanzia. Zidisha ampea kwa volti kwa 60, ugawe kwa mwendo mara 1,000, utapata joto la kama kilojuli 1.4 kwa kila milimita ya mshono. Mwendo ukipunguzwa hadi 400, joto hupanda hadi kilojuli 2.25, chuma hufurika na mhimili hupinda. Ukiongezwa hadi 1,000 bila kubadili kingine, mshono huwa mwembamba kuliko unaotakiwa na huacha vijifereji pembeni, ambavyo ndivyo mahali pa kuanzia ufa wa uchovu, yaani wa chuma kuchoshwa na mzigo unaorudiarudia, kwenye trela linalobeba mzigo hadi Tunduma na kurudi.

Mhimili huo ukiwa na urefu wa mita 12, arki itawaka zaidi ya dakika 18 bila kupumzika. Hapa wanunuzi wa mashine hukosea. Kibandiko kinaposema ampea 600 kwa asilimia 60, maana yake ni dakika sita za kazi katika kila dakika kumi. Kwa kazi isiyosimama, mashine hiyo ni ya ampea 465 hivi, na yule anayeitoza 600 siku nzima anaiunguza. Anayenunua chanzo kwa ajili ya uchomeleaji wa chini ya poda asome namba iliyo kwenye asilimia 100, asitazame ile kubwa iliyochapishwa mbele.

Zipo dosari ambazo hazitokani na umeme kabisa, na ni haki nizitaje. Vitundu vya hewa kwenye mshono, hasa kwetu Pwani, mara nyingi hutokana na poda iliyoachwa wazi usiku ikanywa unyevu, au na kutu na rangi kwenye bamba. Hapo fundi akianza kuzungusha vitufe ataharibu mipangilio iliyokuwa sahihi. Poda ikaushwe kwa joto analoelekeza mtengenezaji wake na ihifadhiwe mahali pa moto.

Ninachokiomba kwa wenye viwanda ni kwamba chaki ifutwe na mahali pake pawekwe hati ya utaratibu wa uchomeleaji, kama viwango vya ISO 15609 na ISO 15614 vinavyoelekeza, ikitaja tabia ya chanzo, aina ya mkondo na nguzo, unene wa waya, urefu wa waya unaotokeza nje ya mdomo wa shaba, ampea, volti na mahali zilipopimiwa, mwendo, na pia urefu na unene wa kebo. Kwa vyuo vya ufundi, naomba mwanafunzi asihitimu uchomeleaji huu kabla hajapima volti kwenye arki kwa mkono wake mwenyewe, na kabla hajakata mshono wake, akausugua, akaupaka asidi na kuona kwa macho yake umechimba kiasi gani. Wanunuzi wa matrela na matangi nao wana haki ya kuiomba hati hiyo kabla ya kulipa, na kiwanda kinachofanya kazi yake vizuri hakitaona taabu kuionyesha.

Najua jibu ambalo baadhi ya wakubwa wangu wa kazi wamekuwa wakinipa, kwamba kukata kipande cha jaribio kila mashine inapohamishwa au kebo inapobadilishwa ni kupoteza chuma na muda. Kipande ninachokihitaji ni cha sentimita 30, na kazi yote ya kuchomelea, kukata na kusugua huchukua kama saa mbili. Ile kazi ya siku tatu tuliyoirudia ilikuwa kwenye mabamba ya milimita 20, na mabaki ya mabamba hayohayo, yenye unene uleule, yalikuwa yamelala chini ya mashine ya kukatia siku zote hizo tulipokuwa tukibahatisha.

Wako msomaji,
Msimamizi wa uchomeleaji,
Chang'ombe, Dar es Salaam